Kigae Hakisafishi Nyumba

Mwaka jana wifi yangu aliniita Tabata nikaone jiko lake. Lilikuwa na vigae vyeupe kuanzia sakafuni hadi juu ya kabati, na tangu fundi akusanye vifaa vyake na kuondoka ilikuwa imepita miezi kumi na minane tu. Vigae vyenyewe havikuwa na neno. Ukivipitishia kitambaa vinang'aa kama siku ya kwanza. Shida ilikuwa kwenye mistari. Karibu na jiko la gesi mistari ilikuwa myeusi kama masizi ya sufuria. Karibu na sinki haikuwa myeusi, ilikuwa haipo. Nilipiga magoti nikapitisha ukucha kati ya kigae na kigae, ukucha ukazama, nikautoa umejaa mchanga mlaini.

"Nimesugua mpaka vidole vimechubuka, wifi," akaniambia. "Kila Jumamosi namwaga dawa ya chooni. Povu linapanda, nasema leo imekubali. Wiki haiishi, weusi uko palepale."

Lile povu ndilo lililonitia uchungu. Yeye alidhani ni uchafu unatoka, kumbe ni jiko lake linaliwa.

Kuna imani ambayo mijini kwetu hakuna anayeihoji: nyumba yenye tailizi ndiyo nyumba safi. Dalali akikutajia chumba cha kupanga, kabla hajataja maji wala umeme, anakwambia "kina tailizi". Kijana anayejenga yuko radhi alale bila dari, milango iwe ya mabati, ilimradi sebuleni amwage tailizi. Na imani hii ina watoto wake: kwamba kigae kinachong'aa zaidi ndicho bora zaidi, kwamba uchafu ukigoma dawa yake ni asidi, na kwamba palipo na vigae maji hayapiti. Nimeishi na vigae miaka ishirini, nimesimamia mafundi katika nyumba tatu za ukoo wetu, na nasema wazi kwamba yote haya si kweli. Usafi wa sakafu uko kwenye vile tusivyovitazama: mistari, mteremko, kilicho chini ya kigae, na mkono unaodeki.

Nianze kwa kukipa kigae haki yake. Ni udongo uliochomwa kwenye joto linalopita nyuzi 1,000, na vingi hupakwa juu tabaka la kioo. Vile vigumu vinavyoitwa poseleni hunyonya maji yasiyozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Juu ya uso kama huo mafuta hayana pa kujificha. Lakini hakuna anayeishi juu ya kigae kimoja. Chukua jiko la mita 3 kwa 3. Ukilitandika vigae vya sentimita 30 kwa 30, unapata vigae 100, na kati yake mita 54 za mistari. Ukitumia vya sentimita 60, mistari inashuka hadi mita 24. Na ukivutiwa na vile vidogo vya sentimita 10 vinavyopendeza pichani, umejitwisha mita 174 za mistari ya kusugua katika chumba kimoja. Mama wa nyumba anapolalamika kwamba tailizi zinachosha, anachosema ni kwamba mita hizo zinamchosha. Hakuna muuzaji anayekufanyia hesabu hiyo dukani.

Na mistari hiyo ni nini? Grauti ya kawaida ni saruji, mchanga laini na rangi. Ni sakafu ya saruji ileile tuliyoikimbia, ila imegawanywa vipande vyembamba na kuwekwa bondeni, mahali ambapo maji machafu ya dekio hukusanyikia. Ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na inakunywa mchuzi, inakunywa mafuta, inakunywa sabuni isiyosuuzwa.

Sasa mwagia asidi. Dawa nyingi kali za chooni zina asidi ya haidrokloriki au jamaa zake. Asidi hiyo ikikutana na saruji huyeyusha chokaa iliyomo, na povu linalopanda ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Weusi unatoka kweli, lakini unatoka pamoja na ngozi ya grauti iliyoubeba. Kinachobaki kina mikwaruzo na mashimo zaidi kuliko jana, kwa hiyo kinashika uchafu haraka zaidi kuliko jana. Jumamosi ijayo unaongeza dawa. Baada ya mwaka na nusu ya Jumamosi, ukucha unazama.

Niseme na jambo la hatari kubwa zaidi, maana nimeliona likifanywa na watu wazima wenye akili timamu. Wengi huchanganya dawa ya chooni na jiki wakiamini kali mbili zinasafisha mara mbili. Asidi ikikutana na jiki hutoa klorini. Hiyo ndiyo gesi iliyoachiliwa na jeshi la Ujerumani dhidi ya askari waliokuwa kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Bafu la mita moja na nusu, lenye kidirisha kimoja kilichozibwa na wavu, na binti wa kazi amejifungia humo anasugua huku anakohoa: tafadhali, kama nyumbani kwako kunafanyika hivyo, kuanzia leo pasifanyike.

Kinachosafisha vigae hakina makeke. Adui wa kwanza ni mchanga, hasa kwetu pwani. Punje za mchanga ni ngumu kuliko kioo cha juu ya kigae, na kila anayezikanyaga anakipiga msasa. Kwa hiyo fagia kwanza, kwa ufagio laini, na weka mkeka mlangoni. Anayedeki kabla ya kufagia anaeneza tope. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, na ninaposema kidogo nina maana kijiko, si gao. Sabuni nyingi isiyosuuzwa hukauka ikawa utando, na utando huo ndio unaonasa vumbi na kukufanya useme sakafu haitakati. Tumia ndoo mbili, ya sabuni na ya maji safi, na maji yakigeuka rangi yamwage.

Mistari yenye mafuta inataka magadi. Koroga magadi na maji kidogo yawe kama uji mzito, vaa glavu, paka mistarini, acha dakika kumi na tano, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Magadi hukata mafuta na hayali saruji. Palipoota ukungu bafuni, jiki iliyozimuliwa inatosha, peke yake, dirisha likiwa wazi. Nyumba inayotumia maji ya kisima yenye chumvi itapata magamba meupe kuzunguka bomba, na hapo siki inasaidia, lakini nayo ni asidi: lowesha grauti kwanza kwa maji matupu ili isiinywe, paka siki kwenye magamba tu, usiiache ikae. Jiko la wifi yangu tuliliokoa kwa magadi upande wa gesi. Upande wa sinki hapakuwa na cha kusafisha. Ilibidi grauti yote ikwanguliwe na kujazwa upya.

Lugha yetu nayo imetuchanganya kidogo hapa. Marumaru ni jiwe, lile lililochimbwa na kukatwa. Siku hizi watu wengi wanaviita vigae vya kiwandani marumaru, na hata taarifa za habari huzungumzia viwanda vya marumaru vya Mkuranga na Chalinze, ilhali vinachotengeneza ni vigae vya udongo. Jambo hili lingekuwa dogo kama si kwamba dawa inayofaa kimoja inaua kingine. Marumaru halisi kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Tone la ndimu lililodondoka juu yake wakati unakamulia samaki linaacha doa lisilong'aa, na doa hilo haliondoki kwa kufuta, maana jiwe lenyewe limeliwa. Vivyo hivyo kwa vile vigae vya saruji vyenye nakshi unavyovikuta katika baadhi ya nyumba za zamani za Zanzibar na Mombasa. Havikuchomwa. Vimeshindiliwa kwa mashine, na rangi yake ni tabaka la milimita chache tu. Nimeingia nyumba moja ambamo sakafu ya namna hiyo, iliyodumu vizazi vitatu ikipakwa nta, ilimwagiwa asidi na kibarua asubuhi moja kabla ya harusi. Maua mekundu na ya kijani yalikuwa yamegeuka kijivu. Bibi mwenye nyumba alikuwa anayapapasa kwa kiganja kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Najua jibu nitakalopewa: hata kama tailizi zina mistari, si bora kuliko saruji tupu? Kwa afya ya watoto je? Swali ni la haki, na lina majibu yaliyopimwa. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila nchini Meksiko lilianza mradi wa kuweka sakafu za saruji katika nyumba za maskini zilizokuwa na sakafu za udongo. Watafiti walilinganisha familia za mji wa Torreón, zilizopata saruji, na familia za miji jirani ya Gómez Palacio na Lerdo, ambayo iko jimbo jingine na haikupata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa makadirio yao, kuondoa kabisa udongo na kuweka saruji kulipunguza minyoo na vimelea kwa watoto kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Saruji tupu, isiyo na kigae hata kimoja. Hatua kubwa ya afya ni ile ya kutoka kwenye vumbi, ambamo funza huanguliwa na minyoo husubiri, hadi kwenye sakafu ngumu inayoweza kuoshwa. Kutoka saruji hadi tailizi ni hatua ya pendo la macho. Sina ugomvi na pendo la macho, lakini nina ugomvi na baba anayemaliza akiba yake kwenye tailizi za sebule wakati chumba wanacholala watoto bado ni vumbi.

Sakafu ya mama yangu, Tanga, ni saruji nyekundu. Aliijenga baba mwaka niliozaliwa. Ijumaa jioni tulikuwa tunaipaka polishi, halafu tunafunga vipande vya blanketi miguuni na kuteleza navyo huku na huku mpaka inang'aa. Haina mstari hata mmoja. Miaka arobaini na zaidi imemwagikiwa mafuta, imemwagikiwa uji, wamezaliwa watoto wawili juu yake, na ina nyufa mbili tu, moja kila upande wa mlango wa uani. Mwaka huu Mama aliniambia anataka iwekwe tailizi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, wageni wakija wanaona tumebaki nyuma." Hakusema ni chafu. Hajawahi kusema ni chafu.

Nimefikiri sana juu ya neno lile, kubaki nyuma, kwa sababu pwani hii ilikuwa inapamba kwa udongo wa kuchomwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Kigae kwa asili ni kipande cha chungu kilichovunjika. Nenda Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ukaone makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Walioyajenga walitia mabakuli ya kauri kutoka Uchina ndani ya lipu, na mengi yameng'olewa yakaacha alama za duara. Nenda Kilwa Kisiwani, kwenye msikiti mdogo wenye kuba, inua macho uone mabakuli yaliyopachikwa darini. Ingia nyumba za mawe za Lamu uone zidaka, safu za vijumba vya lipu ukutani ambamo kauri ziliwekwa zionekane.

Tazama walivyofanya. Ukuta mzima ni chokaa nyeupe, na katikati bakuli moja la samawati. Jicho linapumzika kwenye chokaa, likifika kwenye bakuli linasimama. Walikuwa matajiri wale, wangeweza kujaza ukuta. Hawakujaza. Sisi leo tunaweka kigae chenye maua sakafuni, chenye mawimbi ukutani, chenye mfano wa mbao varandani, chenye mfano wa mawe kwenye nguzo na kwenye ukuta wa uzio, na vyote vinang'aa, na mgeni hajui pa kutazama. Mapambo yamekosa pa kusimamia. Mstari mmoja wa vigae vya nakshi nyuma ya jiko, au kwenye vipandio vya ngazi, upande wa wima, ukiachwa na ukuta mtulivu kuuzunguka, unapamba nyumba kuliko maboksi themanini. Na unasafishika.

Kuhusu maji nitasema kwa mkato, maana hasara yake naijua kwa mafundi na si kwa vitabu. Kigae hakizuii maji. Maji yanapita kwenye grauti polepole, kila siku, na kama chini hapakupakwa tabaka la kuzuia maji, yanaendelea na safari. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko zilizofunikwa mawe na chokaa. Chokaa inapumua, ikilowa inakauka. Mtu akimwaga saruji na tailizi juu yake apate bafu la kisasa, unyevu unakosa njia ya kutoka, unakaa na boriti, na boriti inaoza huku bafu linang'aa. Kadhalika kwa ukuta unaopanda chumvi. Ukiufunika kwa vigae ili usiuone, chumvi haikufa. Inapanda juu zaidi ya vigae, au inavisukuma vidondoke.

Fundi mmoja mzee wa Tanga alinifundisha kugonga. Alichukua sarafu ya shilingi mia mbili, akainama varandani kwa shangazi yangu, akagonga kigae kimoja kimoja. Kilichoshiba chini kinatoa sauti nzito, ko, ko. Kisichoshiba kinalia kama kopo. Kati ya vigae sita alivyogonga, vinne vililia kama kopo. Aliyevitandika alikuwa ameweka matonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, akakibandika kigae juu. Chini kuna mapango, na mguu wa kiti ukikanyaga juu ya pango kigae kinapasuka. Tena alikuwa amevilowesha vigae hivyo vya poseleni kwenye pipa usiku kucha kama walivyozoea kulowesha vigae vya zamani. Vya zamani vinanyonya, ndipo saruji ikavishika. Poseleni hainyonyi, inataka gundi yake iliyotengenezewa kazi hiyo, ikitandazwa kwa mwiko wenye meno sakafu nzima. Na alikuwa amevibana bila mstari, kwa sababu mwenye nyumba alitaka vishikane. Jua la saa nane likivipasha, vinatanuka, vinakosa pa kwenda, vinainuka.

Kwenye varanda hiyohiyo shangazi aliteleza. Mvua ya masika ilikuwa imerusha manyunyu, tailizi zilikuwa za kung'aa, akatoka kuanua kanga. Nyonga ilivunjika. Alikuwa mwanamke wa kwenda sokoni kwa miguu kila alfajiri, na hakwenda tena. Kwa hiyo mtu akiniambia kigae kinachong'aa zaidi ndicho bora, siwezi kumjibu kwa utulivu. Kwa bafu, uani na varanda, chukua chenye uso wa kukwaruza. Viwanda hukipima, na kwenye boksi la vingine utaona herufi R na namba: R9 ni ya pakavu, R11 ndiyo unayoitaka panapolowa. Kisipoandikwa, mwombe muuzaji maji, kimwagie, kanyaga kwa nyayo tupu palepale dukani. Na usiogope vidogo bafuni. Hapo mistari mingi inashika unyayo, na kigae kidogo kinakubali kufuata mteremko ambao kikubwa kinaukataa.

Na Mama? Hakubaki nyuma. Tulikubaliana saruji nyekundu ya sebuleni na vyumbani isiguswe, ila nyufa mbili zizibwe na rangi irudishwe. Tailizi zikawekwa bafuni tu, za kijivu zisizong'aa, na mstari mmoja wa vigae vya samawati juu ya sinki la jikoni, alivyovichagua mwenyewe. Fundi alikuwa yule mzee wa sarafu. Siku tatu alihangaika na kile kisichoonekana: akavunja sakafu ya zamani ya bafu, akaimwaga upya ikiinamia shimo, akapaka tabaka la kuzuia maji akilipandisha ukutani hadi gotini, akasubiri likauke. Vigae vyenyewe alivimaliza kwa siku moja. Grauti aliijaza kesho yake, akatukataza kuikanyaga mpaka keshokutwa.

Keshokutwa ilipofika, asubuhi alimwita Mama, akampa kopo la maji. "Mwaga, mama. Popote unapotaka." Mama akaingia pekupeku, akalimwaga kwenye kona ya mbali, nyuma ya mlango. Tukasimama watatu tunatazama. Maji yalisita kidogo, yakapata njia, yakashuka mistari kwa mistari mpaka yakaingia shimoni, na kwenye kona pakabaki unyevu tu. Mama akaomba kopo la pili, akajaribu kona nyingine.